Makato Yasiyojulikana Katika Akaunti ya Mchuuzi wa Dagaa wa Kibirizi: Uchambuzi wa Kisa

Jumatano ya Machi 12, 2025, shangazi yangu alirudi kutoka benki mjini Kigoma akiwa na karatasi nne zilizopigwa muhuri, na uso wake ulionyesha kwamba mambo hayakwenda vizuri. Alikuwa ameomba mkopo wa kuongeza mtaji wa kununulia dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, na afisa mikopo, kama ilivyo desturi, alimtaka alete taarifa ya akaunti ya miezi sita. Taarifa ilipochapishwa, afisa huyo aliizungushia kalamu nyekundu mistari mitano, kisha akauliza, "Mama, haya marejesho ya kila mwezi unamlipa nani?" Shangazi hakuwa na jibu. Afisa akahisi kwamba ana mkopo mahali pengine ambao hakuutaja, na akalisimamisha ombi lake hadi maelezo yapatikane.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa mjini, kwa hiyo karatasi zile ziliishia kwenye meza yangu jioni ileile. Ninakieleza kisa hiki kwa ruhusa yake, na ninakieleza chote, kwa sababu kila dhana iliyotupotosha ilikuwa na mantiki yake, na kwa sababu mojawapo ya dhana hizo ilikuwa tayari imeanza kumuumiza kijana asiye na kosa lolote.

Mistari yenyewe ilikuwa hivi. Oktoba 14, 2024 zilikatwa shilingi 22,300. Novemba 19, shilingi 21,800. Desemba 20, shilingi 19,700. Januari 14, 2025, shilingi 20,500. Na Februari 18, shilingi 21,300. Jumla yake ni shilingi 105,600. Mbele ya kila kiasi palikuwa na neno moja la herufi kubwa ambalo halikufanana na jina la mtu wala la duka, likifuatiwa na tarakimu kadhaa, jina la mji wa Ulaya, na mwisho kabisa herufi mbili zilizosimama peke yake.

Shangazi alikuwa na maelezo matatu, na aliyashika yote kwa pamoja. La kwanza ni kwamba benki imeanzisha makato mapya bila kumwambia. La pili ni kwamba mtu fulani ndani ya benki anaichungulia akaunti yake, kwa sababu mara tatu kati ya tano fedha zilikatwa siku ileile aliyoweka au kesho yake. "Wananivizia, mwanangu," aliniambia. "Mitumbwi ikirudi na mimi nikiweka fedha kwa wakala, na wao wanachukua chao." La tatu lilinitia hofu zaidi: herufi mbili za mwisho wa kila mstari zilifanana na herufi za mwanzo za majina mawili ya kijana anayemsaidia kuanika dagaa na kubeba magunia, kijana ambaye mara kwa mara humtuma kwa wakala na kadi yake. Tangu alipotoka benki alikuwa hajamsemesha, na posho yake ya siku hiyo alikuwa ameizuia.

Nilimwomba tusimguse mtu yeyote mpaka tuusome mstari wenyewe, kwa maana mstari wa taarifa ya benki una sehemu zake na kila sehemu inasema jambo lake. Kadi inapotumika kulipia kitu, jina na mahali pa muuzaji husafiri katika nafasi yenye herufi 40 tu. Kwa kadi za Visa, 25 ni za jina, 13 za mji na 2 za nchi. Ndiyo maana majina hukatwa katikati, na ndiyo maana mtu anaweza kuitazama kampuni anayoifahamu vizuri bila kuitambua. Herufi mbili za mwisho ni kifupi cha nchi: TZ ni Tanzania, NL ni Uholanzi, SE ni Uswidi, IE ni Ayalandi, US ni Marekani. Hazina uhusiano wowote na majina ya mtu. Nilimwonyesha shangazi mstari mwingine katika karatasi hizohizo, wa siku aliyolipia kwa kadi kwenye duka moja la vifaa hapa mjini, nao ulimalizika kwa TZ. Aliutazama kwa muda mrefu, akaurudia kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo huyu mtoto nimemwonea." Alimpigia simu usiku uleule. Asubuhi yake, kabla ya dagaa kutandazwa, alimwomba radhi mbele ya wanawake wenzake na kumlipa posho ya siku mbili.

Mji unaotajwa nao hupotosha. Mtu akiona jina la mji wa Ulaya hufikiri kwamba kuna mwizi aliyekaa huko na kadi yake. Lakini mji ule kwa kawaida ni mahali kampuni ilipojiandikisha kupokea malipo. Kampuni za filamu na muziki wa mtandaoni hukusanya fedha za nchi nyingi kupitia ofisi moja: Netflix ina makao makuu Los Gatos, California, na kampuni yake ya shughuli za kimataifa iko Amsterdam, Spotify ni ya Stockholm. Aliyenunua kupitia duka la programu la simu huenda asilione jina la huduma kabisa, kwa sababu Apple huandika APPLE.COM/BILL, na Google huanza na jina lake lenyewe ndipo huduma ifuate. Kwa hiyo mji wa mbali katika mstari hauthibitishi wizi, wala haumwondolei mtu wa nyumbani uwezekano wa kuhusika.

Benki nayo, bila kukusudia, ilituongezea fumbo. Shangazi alikuwa amemuuliza karani wa dirishani, na karani akatazama kompyuta na kumwambia kwamba hayo ni malipo ya king'amuzi. Shangazi alikataa kwa hasira, kwa sababu king'amuzi chake hukilipia kwa simu na risiti za ujumbe anazo. Karani hakudanganya. Kila muuzaji anayepokea kadi hupewa namba ya aina ya biashara, na namba 4899 hujumuisha televisheni za waya, za setilaiti na huduma nyingine za kulipia televisheni na redio. Huduma za kutazama filamu kwa intaneti mara nyingi huwekwa katika fungu hilohilo, kwa hiyo mtu wa dirishani anayesoma namba bila kulitazama jina atasema king'amuzi. Nilipolisikia jibu hilo ndipo nilipoanza kuamini kwamba tunatafuta huduma ya filamu, ingawa shangazi hajawahi kutazama filamu kwa simu maishani mwake.

Kiasi kilichobadilika kila mwezi kiliondoa dhana ya makato ya benki. Ada ya benki ya kila mwezi kwa kawaida huwa ya kiwango kilichopangwa katika shilingi, haipandi leo na kushuka mwezi ujao. Nilichukua kila kiasi nikakigawanya kwa bei ya dola ya siku zile, na kila jibu likaangukia dola 8 na senti 20 hivi. Desemba ndiyo iliyonipa uhakika, kwa kuwa mwezi huo shilingi ilipata nguvu kwa kasi dhidi ya dola, na ndiyo sababu 22,300 za Oktoba zilishuka hadi 19,700. Kilichouzwa hakikubadilika bei: ni huduma ya dola 7.99 kwa mwezi, pamoja na ada ndogo ya benki ya kubadilisha fedha za kigeni. Msomaji anayelinganisha bei iliyotangazwa na kiasi kilichokatwa akumbuke pia kwamba tangu Julai 1, 2022 huduma za kielektroniki zinazouzwa Tanzania na kampuni za nje hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wakati wa kisa hiki ilikuwa asilimia 18, na kodi hiyo wakati mwingine huwa ndani ya bei na wakati mwingine huongezwa juu yake.

Sasa zile tarehe, kwa sababu hapo ndipo shangazi alipokuwa na ushahidi wake mkubwa. Kama ni malipo ya mwezi, kwa nini yakatwe tarehe 14, kisha 19, kisha 20, kisha tena 14, kisha 18? Na kwa nini yafuate fedha anazoweka?

Nilichukua kalenda. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na wakati wa mbalamwezi samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, kwa hiyo mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Novemba 2024 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15. Desemba, tarehe 15. Januari, tarehe 13. Februari, tarehe 12. Kwa msimu ule wote, tarehe 14 iliangukia katikati ya mbalamwezi, siku ambazo mwalo umetulia na akaunti ya shangazi imebaki na salio la kuizuia isifungwe tu. Oktoba 14 ilikuwa siku tatu kabla ya mwezi mpevu na fedha zilikuwamo. Januari zilikuwamo pia, kwa sababu mtu aliyekuwa akidaiwa fedha za mawese alikuwa amemlipa siku tatu kabla. Novemba, Desemba na Februari hazikuwamo. Kampuni ya usajili, yaani inayouza huduma ya kulipiwa kila mwezi, haisamehi inapokuta akaunti tupu. Mfumo wake kwa kawaida hujaribu tena baada ya siku chache, na tena, mpaka malipo yapite. Mitumbwi iliporudi ziwani, dagaa wakauzwa, shangazi akaweka fedha, na jaribio lililofuata likafanikiwa. Hakukuwa na mtu aliyemvizia. Lakini sitaki kuuita wasiwasi wake wa kipuuzi, kwa maana mwanamke huyu aliisoma akaunti yake kwa uangalifu kuliko benki ilivyoisoma. Alichokosa ni kujua tu kwamba mashine inayokata fedha hurudia kubisha hodi.

Ilibaki kumjua mwenye usajili. Shangazi aliapa kwamba hajawahi kumpa mtu namba za kadi na hajapokea ile namba ya siri ya muda ambayo benki hutuma kuthibitisha malipo ya mtandaoni. Kuhusu namba ya siri, kwa makato haya matano, alikuwa sahihi kabisa. Uthibitisho huo kwa kawaida huombwa kadi inapowekwa mara ya kwanza. Kampuni ikishaihifadhi kadi kwa idhini ya mwenyewe, makato yanayofuata huanzishwa na kampuni, na mara nyingi hakuna anayeulizwa kitu. Hivyo swali langu likawa tofauti: ni nani aliyewahi kuiweka kadi hii mtandaoni, hata kama ni zamani?

Alifikiri, akamkumbuka mwanawe. Mwaka 2022, binamu yangu alipokuwa akisoma Dodoma, alimwomba mama yake atumie kadi kulipia huduma ya filamu kwa miezi michache. Nilimpigia. Alikiri bila kusita, ila akasema kwamba aliusitisha usajili huo mwaka 2023, na sauti yake ilionyesha kwamba anaona aibu kutuhumiwa mbele ya mama yake. Nilimwamini, na bado nikamwomba afungue ile barua pepe ya zamani aliyojiandikishia, ambayo alikuwa ameacha kuitumia. Alichukua karibu saa nzima kurudisha neno la siri. Katikati ya matangazo mengi yasiyosomwa palikuwa na ujumbe wa Oktoba 14, 2024 uliomkaribisha tena kwenye huduma.

Tulifungua akaunti ya filamu. Ukurasa wa historia ya malipo ulikuwa na mistari mitano ya dola 7.99, na tarehe zake zililingana na karatasi za benki. Ukurasa wa vifaa ulionyesha kifaa kimoja tu kinachotumika, simu ya aina ambayo binamu yangu aliitambua papo hapo: ni simu yake mwenyewe, aliyoiuza Agosti 2024 kwa duka la simu zilizotumika. Alikuwa ametoa laini na kufuta picha, lakini hakuirudisha simu katika hali ya kiwandani, na programu ya filamu ilibaki imefunguliwa kwa jina lake. Mnunuzi, au mtu wa nyumbani kwake, aliifungua siku ya Oktoba 14, ambayo ni sikukuu ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, akakuta kitufe cha kuanzisha upya, akakibonyeza. Kadi ya shangazi ilikuwa bado imehifadhiwa humo.

Orodha ya vilivyotazamwa ilikuwa ya katuni karibu yote, nyingi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Nadhani ni mtoto aliyetoka shule. Huenda mzazi wake alidhani filamu zimekuja na simu. Sina namna ya kulithibitisha hilo, na mahali palipoandikwa kando ya kifaa hapakutusaidia, kwa sababu ukurasa huo hukisia mahali kutokana na njia ya intaneti na unaweza kuonyesha mji ambao mtumiaji hajafika.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wakae nami kidogo, kwa kuwa kosa la binamu yangu ni kosa la watu wengi. Kusitisha usajili huzuia malipo yajayo tu. Akaunti hubaki, kadi inaweza kubaki ndani yake, na vifaa vilivyokwisha kuingia hubaki vimeingia. Yeyote mwenye kifaa hicho anaweza kuuanzisha tena. Kwa hiyo, kati ya hatua tulizochukua usiku ule, kusitisha hakukuwa na uzito kuliko nyingine. Kwanza tulipiga picha kurasa za malipo na za vifaa, kwa sababu ushahidi huo huweza kutoweka baada ya mabadiliko. Kisha tulivitoa vifaa vyote kwenye akaunti kwa pamoja, tukabadilisha neno la siri la huduma na la barua pepe, tukasitisha usajili, na mwisho tukaiondoa kadi. Zilikuwa zimebaki siku mbili kabla ya Machi 14.

Shangazi alitaka kuanza kwa kufunga kadi, na wengi wangemshauri hivyo. Kama kweli namba za kadi ziko mikononi mwa mwizi, kufunga kadi mara moja ni sahihi na hakuna cha kusubiri. Lakini kwa usajili uliohifadhiwa, kufunga kadi pekee huacha akaunti wazi, na hata kadi mpya haikati mzizi daima: Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wauzaji namba mpya za kadi iliyobadilishwa, pale benki iliyotoa kadi inaposhiriki. Tulichoomba benki Alhamisi asubuhi ni kuzima matumizi ya mtandaoni kwenye kadi ile, jambo lililochukua dakika chache.

Kuhusu kudai fedha, nilisita. Kanuni za Visa huipa benki ya mteja siku 120 kwa migogoro mingi ya namna hii. Kwa makato ya Oktoba 14 muda huo ulikwisha Februari 11. Kwa yale ya Novemba 19 ulikuwa bado hadi Machi 19. Karani alikuwa tayari kutupa fomu ya wizi wa kadi. Nilimshauri shangazi asiisaini, kwa sababu kadi haikuibwa, iliwekwa kwa ridhaa yake katika akaunti ya mwanawe, na tamko la uongo lingeweza kumrudia. Tuliandikia kampuni kwanza, tukieleza kwa ukweli kwamba usajili ulianzishwa upya na mtu mwingine kwenye simu iliyouzwa, tukiambatisha picha. Walikubali kurudisha malipo ya miezi miwili ya mwisho. Miezi mitatu ya mwanzo binamu yangu aliilipa mwenyewe, shilingi 63,800, bila kuombwa. Kama benki ingetupuuza, mteja ana haki ya kupeleka malalamiko Benki Kuu ya Tanzania baada ya kuyafikisha kwanza kwa benki yake, lakini hatukufika huko.

Jambo moja linanikera mpaka leo. Simu ya shangazi ilikuwa na ujumbe wa benki kwa kila makato yale. Zote tano zilikuwamo, kwa Kiingereza cha vifupisho, zimefukiwa kati ya matangazo ya kubeti na ya mikopo ya simu. Mteja aliyefungua akaunti kwa Kiswahili, katika tawi linalozungumza Kiswahili, angestahili kuambiwa kwa Kiswahili kwamba fedha zake zimeenda nje ya nchi, na angeliuliza swali hili Oktoba.

Kwa afisa mikopo tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatisha historia ya malipo na uthibitisho wa kusitishwa. Alilinganisha tarehe moja baada ya nyingine, akaandika pembeni ya mistari myekundu kwamba si marejesho ya mkopo, na ombi likaendelea.

Machi 14 mwezi ulikuwa mpevu na mwalo ulikuwa kimya. Siku sita baadaye shangazi aliweka shilingi 400,000 kwa wakala na kuliangalia salio jioni na asubuhi yake; lilikuwa vilevile. Mapema Aprili aliniletea taarifa mpya aliyoiomba mwenyewe, akiwa ameweka alama kwenye mistari miwili ya fedha zilizoingia. Kiasi hakikulingana na kilichokatwa, na kabla sijafungua kinywa aliweka kidole kwenye herufi mbili za mwisho, akanitajia nchi yake, akasema kwamba dola imebadilika bei.